Zahanati yetu ya mlimani: shajara ya ujenzi tangu boma mpaka bati

Julai 2024, hali ya boma

Naanza kuandika hapa maendeleo ya ujenzi wa zahanati ya kijiji chetu, huku juu kwenye milima ya Usambara mkoani Tanga, maana wenzetu wengi mko Dar, Tanga mjini, Arusha, wengine nje ya nchi kabisa, na kila siku meseji zinaingia mnauliza mchango wangu umefikia wapi. Mimi ni katibu wa kamati ya ujenzi, na kazi inayonipa ugali ni uwakala wa pesa za simu pale sokoni, kwahiyo michango mingi imepitia kwenye simu yangu na naona ni haki yenu kujua kila kitu.

Sahivi boma, yani kuta bila paa, liko kwenye lenta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha. Msingi wenyewe ni wa zamani, ulichimbwa enzi za MMAM, ule Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi wa 2007 uliosema kila kijiji kiwe na zahanati na kila kata kituo cha afya. Watu walihamasika wakasomba mawe, msingi ukapanda, alafu ikaishia hapo, majani yakaota, mbuzi wakahamia. Sio kwamba watu walikuwa wavivu. Utaratibu ulikuwa, na bado ndio huohuo, kwamba wananchi mnapandisha boma kwa nguvu zenu na serikali inakuja kumalizia, yani kupaua, plasta, sakafu, milango, mfumo wa maji. Sasa kama hujui serikali inakuja lini na hakuna anayekusomea hesabu ya kile kilichokwisha kutolewa, utaona bora ukapalilie viazi vyako, na mimi siwezi kumlaumu mtu kwa hilo.

Kilichofufua kazi ni mkutano mkuu wa kijiji. Kwa mliokaa mjini muda mrefu, huu sio mkutano wa hadhara wa kampeni. Kwa Sheria ya Serikali za Mitaa Na. 7 ya 1982 huu ndio wenye kauli ya mwisho kijijini, kila mkazi wa miaka 18 kwenda juu ana sauti, na unatakiwa kukaa kila baada ya miezi mitatu na mapato na matumizi yasomwe. Uamuzi ulikuwa kila kaya elfu kumi, na kila kitongoji kina siku yake ya msaragambo, yani kazi ya pamoja ya kujitolea. Asiye na elfu kumi anatoa nguvu.

Kwanini watu walikubali haraka hivyo, sababu kila mtu anaijua. Mama mjamzito akishikwa usiku wakati wa mvua, bodaboda hazipandi huku, anashushwa kwa machela na vijana mpaka barabarani ndio atafutiwe usafiri wa kituo cha afya, na wapo ambao hatukufika nao.

Agosti 2024, daftari la nguvu

Hapa nitaandika kirefu kidogo kwa sababu naona hili ndio moyo wa mradi wote.

Tulipoanza, daftari la michango lilikuwa na safu moja tu, jina na kiasi cha hela. Waliokuja msaragambo walikuwa wanaandikwa kwenye karatasi tu, fulani kaja, fulani hajaja, ikiisha siku karatasi inapotea. Matokeo yake kwenye mkutano wa kitongoji cha juu ukazuka mzozo, mzee mmoja anayeheshimika sana akasimama akasema yeye katoa elfu kumi yake taslimu siku ya kwanza, iweje alinganishwe na watu waliobeba maji siku mbili, hao wameleta nini. Mama mmoja, jirani yake kabisa, akanyoosha mkono.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu."

"Naomba kuuliza baba, hiyo elfu kumi yako ingepandisha ukuta bila maji? Saruji ingekorogwa na nini? Mimi hayo maji nimeyatoa kule bondeni, nimepanda nayo kichwani na mtoto mgongoni. Tunaomba na sisi tuandikwe kwa bei, tusiandikwe tumekuja tu."

Kimya kidogo alafu kina mama wakashangilia, na mzee, namshukuru sana kwa hili, akasema kweli, huyu binti ana hoja, katibu andika.

Basi tukaenda kwa mhandisi wa halmashauri ya wilaya, akatupa bei za kawaida za soko la huku, dumu la maji la lita 20 bei gani, debe la mchanga bei gani, mawe kwa mita ya ujazo bei gani, siku ya saidia fundi bei gani. Na akatuambia kitu ambacho wengi wetu hatukuwa tunakijua, kwamba kwenye taarifa ya mradi kuna sehemu ya thamani ya nguvu za wananchi, na inatakiwa ijazwe kwa shilingi. Kwahiyo sio fadhila, ni hesabu halali ya mradi. Kuanzia hapo daftari lina safu mbili, taslimu na nguvu, na zote zinajumlishwa chini kwa shilingi.

Mabadiliko yalionekana haraka. Kwanza ikaonekana wazi kwamba waliotoa kingi zaidi ni wanawake, na sio kwa tofauti ndogo. Maji karibu yote ni wao, mchanga zaidi ya nusu ni wao. Mtu akitaka kusimama kwenye mkutano kusema kina mama wakae nyuma wasikilize, daftari lipo mezani. Pili, kaya maskini kabisa, zile ambazo hata kwenye orodha ya TASAF, ule mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, zipo, zimeshakamilisha mchango wao na wengine wamepitiliza. Hawaji tena mkutanoni kwa kujificha nyuma ya mti kama watu wanaodaiwa.

Septemba hadi Novemba 2024

Kazi imeenda polepole. Vuli imeanza, njia imeharibika, na uchaguzi wa serikali za mitaa ulikuwa tarehe 27 Novemba kwahiyo kuanzia Oktoba kila mtu alikuwa kwenye mambo ya kujiandikisha na wagombea. Ahadi za bati zimekuwa nyingi. Kwenye daftari hakuna safu ya ahadi kwahiyo sijaziandika.

Januari 2025, makabidhiano

Halmashauri mpya ya kijiji imeshakaa. Sehemu hii huwa ndio miradi mingi inafia, uongozi wa zamani unaondoka na mafaili, risiti ziko nyumbani kwa mtu, wapya wanasema sisi hatuhusiki na ya zamani. Sisi tulifanya makabidhiano mbele ya mkutano mkuu, daftari, risiti, mihuri, stoo na vilivyomo, mifuko ya saruji iliyobaki ikahesabiwa watu wakiona. Mtendaji wa kijiji ambaye ndiye mwajiriwa wa halmashauri ya wilaya hajabadilika, hiyo nayo imesaidia. Mwenyekiti mpya aliomba kamati ya ujenzi iendelee ileile mpaka jengo likabidhiwe na mkutano ukakubali. Nampongeza, angeweza kuweka watu wake.

Machi 2025, hela imesoma

Wadau, milioni 50 imesoma kwenye akaunti ya kijiji. Hiki ni kile kiwango cha serikali cha kumalizia boma la zahanati, ni kilekile kilichotumika 2020/21 walipotenga bilioni 27.75 kwa maboma 555 nchi nzima, milioni 50 kila moja. Siku hiyohiyo mtendaji ameandika kwenye ubao wa matangazo pale ofisini, tarehe, kiasi, kazi yake, na mimi nimepiga picha nikaweka kwenye grupu.

Wengine mmeniuliza hizi ni hela za nani. Ni zenu. Mnakumbuka Julai 2021 ilipoanza tozo ya miamala ya simu, watu walilia hapo dirishani kwangu, mtu anatuma elfu hamsini kwa mama yake anaona makato anahesabu mara tatu, ikabidi ipunguzwe kwa asilimia 30 mwezi Septemba mwaka huohuo. Baadaye serikali ikatangaza vituo vya afya 234 vinajengwa kwa hela ile. Hii ya kwetu imekuja kwenye bajeti ya kawaida, ila chanzo kinafanana, ni sabuni uliyonunua, ni vocha uliyokwangua, ni gunia la karoti lililolipiwa ushuru pale getini. Ndio maana mimi sikubali lugha ya kusema "serikali imetusaidia". Imetimiza sehemu yake ya makubaliano na sisi tulishatimiza ya kwetu mpaka lenta.

Sasa utaratibu. Ni fosi akaunti, yani hakuna mkandarasi, kijiji kinanunua vifaa chenyewe na kinaingia mkataba wa ufundi tu na fundi, na tumempata fundi wa kata yetu hapahapa aliyejenga madarasa ya shule ya msingi. Kuna kamati tatu, ya ujenzi, ya manunuzi, na ya mapokezi, na mtu mmoja haruhusiwi kukaa kwenye mbili, ili anayenunua asiwe ndiye anayepokea. Kwenye ile ya mapokezi mkutano umemchagua yule mama wa maji.

Manunuzi siku hizi yanapita kwenye mfumo wa NeST, ule wa serikali wa kununua kwa mtandao, na huku kwetu mtandao ni wa kupanda kilimani, kwahiyo mtendaji anashuka wilayani anafanyia huko na maafisa manunuzi. Inachukua muda. Na masika ndio hiyo imeanza.

Jambo linalonikosesha usingizi ni tarehe 30 Juni, mwaka wa fedha unafungwa. Hela ambayo haijatumika inabidi iombewe kibali ibaki, vinginevyo inarudi Hazina. Yani tumesubiri hii hela tangu msingi unachimbwa, na sasa tuna miezi mitatu ya kuitumia na miwili kati ya hiyo ni ya mvua kubwa. Sina ugomvi na kufunga mwaka, kila mtu anayeshika hela lazima afunge hesabu. Ila naomba wanaopanga mgao wa hela za ujenzi waangalie kalenda ya mvua pia, kwa sababu hela inayofika Machi kijiji cha mlimani inanunua bei ghali kuliko inayofika Julai. Mfuko wa saruji ukifika Mombo, mji wa kule chini ya mlima, una bei nyingine, ukipanda huku kwenye tope unapanda na bei.

Aprili 2025, bati zimerudishwa

Tukio kubwa la mwezi huu. Gari la bati limefika jioni, mvua ya rasharasha, dereva ana haraka anataka kushuka kabla giza halijaingia. Makadirio ya mhandisi yanasema bati geji 28. Muuzaji, simtaji, ni mtu wa mjini tu, alishatupa ankara imeandikwa geji 28 na kila kitu kiko sawa kwenye karatasi. Vijana wameanza kushusha, mama wa kamati ya mapokezi akasema ngojeni, akaita fundi, wakageuza bati wakaangalia ule mstari wa maandishi ya kiwandani, geji 30. Wakachukua lingine, geji 30. Wakafika katikati ya mzigo, zote 30.

Geji ikipanda namba bati linakuwa jembamba zaidi, na huku kwetu kuna upepo wa bondeni na kuna mvua ya mawe, bati jembamba halina muda litaanza kutoboka kwenye misumari. Na tofauti ya bei kwa mzigo mzima sio hela ndogo, ni milango kadhaa ile.

Dereva akasema sainini tu mtaelewana na tajiri kesho. Kuna wanaume pale, nawaheshimu lakini lazima niseme, walisema tusaini maana gari likirudi tutakaa wiki nyingine na Juni hiyo inakuja. Yule mama akajibu taratibu kabisa, "Wanangu, mimi jina langu ndio litakaa kwenye hiyo karatasi. Siandiki 28 wakati nimeona 30." Wenzake wawili wa kamati wakasimama naye, bati zikarudi kwenye gari, ikaandikwa taarifa ya kukataa mzigo, nakala kwa mtendaji, nakala wilayani. Zilizokuja wiki iliyofuata ni geji 28 na hatukuongeza hata shilingi.

Mwishoni mwa Machi mlisikia ripoti ya CAG, yule Mkaguzi Mkuu wa hesabu za serikali, imekabidhiwa kwa Rais na mwezi huu ikaingia bungeni, kijiweni watu walikuwa wanasikiliza redioni wanatikisa vichwa na mabilioni. Mimi nawaambia ile ripoti inaandikwa mambo yakiwa yameshatokea. Mkaguzi anakuta karatasi imeandikwa 28 na sahihi tatu chini, atapanda juu ya paa la kila zahanati? Pale jioni kwenye mvua ndio palikuwa mahali pekee ambapo hela ingeweza kuokolewa, na imeokolewa na mtu ambaye anajua uzito wa jengo kwa sababu kalibeba kichwani.

Mei 2025

Kupaua kumeanza, kenchi, zile mbao za kubeba bati, zimepanda upande wa mashariki. Ila kuna tatizo na nitalisema wazi, watu wamepungua msaragambo. Siku ya kitongoji cha kati wamekuja wachache sana. Nikapita nyumba kwa nyumba na mwenyekiti wa kitongoji, jibu ni lilelile, "si hela ya serikali imeshakuja, sasa tunafanya kazi ya nani?" Wengine wanaamini mafundi na kamati tunalipana kwa jasho lao.

Hili sio jambo dogo. Watu wakishaona mradi ni wa serikali wanaacha mambo mawili kwa pamoja, wanaacha kubeba mchanga na wanaacha kuuliza hesabu. Na kwa mtazamo wangu hilo la pili ndio baya zaidi. Wakati wa elfu kumi kumi kila mtu alikuwa mkali, risiti ya misumari inadaiwa, elfu mbili inaulizwa. Imekuja milioni 50 watu wananyamaza kana kwamba ni hela ya mtu mwingine.

Tukaitisha mkutano mkuu. Mtendaji alisoma matumizi kipengele kwa kipengele, mbao, bati, misumari, saruji, malipo ya fundi kwa awamu, na risiti zikazungushwa watu wakashika. Alafu nikasoma daftari la nguvu, jumla kwa shilingi, kwa kila kitongoji. Nikaonyesha na yale ambayo milioni 50 haitafika, choo, kichomea taka, shimo la kondo la nyuma. Bila hivyo vitu zahanati haisajiliwi, jengo linaweza kuwa na bati na rangi na likafungwa na kufuli. Mzee yuleyule wa elfu kumi taslimu akauliza swali zuri kuliko yote ya siku hiyo, kwamba fundi kalipwa asilimia ngapi na kazi imefika asilimia ngapi. Ikabidi fundi mwenyewe asimame aeleze, na akaeleza vizuri, malipo yako nyuma ya kazi na inatakiwa iwe hivyo.

Wiki iliyofuata kitongoji cha kati wamejaa.

Juni 2025

Mbio mbio. Paa limekamilika, plasta ya ndani imekwisha, ya nje upande mmoja bado, sakafu imemwagwa vyumba vyote, fremu za milango zimewekwa. Tofali za choo tumenunua kwa kikundi cha vijana wa kata waliopata mkopo wa halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa wenye ulemavu, ambayo ilisimamishwa 2023 ikarudi kwenye mwaka huu wa fedha wa 2024/25. Wamenunua mashine ya kufyatulia. Nimefurahi sana na hili maana ushuru wa mboga wa kijiji hiki umeenda wilayani, umerudi kama mkopo kwa vijana, vijana wamefyatua tofali, tofali zimejenga choo cha zahanati, na vijana wanarejesha mkopo. Hela imezunguka humuhumu bonde na mlima, na kila ilipopita imeacha kazi.

Tarehe 30 imefika, kiasi kilichobaki ni cha malipo ya mwisho ya fundi na vioo vya madirisha, na mkurugenzi wa halmashauri ya wilaya ameshakiombea kibali mapema.

Agosti 2025, tulipo sasa

Kibali kimetoka, vioo vimewekwa, rangi imepigwa. Mganga mkuu wa wilaya alikuja na timu yake wakakagua vyumba, wamesifu chumba cha kujifungulia na wamesema tuongeze sinki moja chumba cha sindano. Usajili utaendelea kichomea taka na shimo la kondo vikikamilika. Baada ya hapo ni watumishi, na dawa za kuanzia kutoka Bohari ya Dawa.

Wengi hamjui hili kwahiyo naliandika. Zahanati ikishafunguka itakuwa na akaunti yake, na kwa utaratibu ulioanza 2017/18 hela za Mfuko wa Pamoja wa Afya, ule unaochangiwa na wafadhili, zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo bila kulala wilayani, na wanaopanga matumizi ni pamoja na kamati ya usimamizi ya kituo ambayo wajumbe wake wengine ni wanakijiji wa kawaida. Nafasi hizo zitatangazwa. Naomba msiwaachie watu walewale, na naomba sana kina mama waombe, hasa waliokaa kwenye mapokezi, maana kupokea dawa ni kazi ileile ya kupokea bati, unahesabu, unasoma maandishi, ukiona sio ilivyoagizwa unakataa kusaini.

Mliopo mbali, kilichobaki kununuliwa ni saruji ya kichomea taka na nondo za mfuniko wa shimo, orodha na bei nimeweka kwenye grupu, mnaweza kutuma au kununua wenyewe dukani Mombo mkapakia kwenye gari la mboga likirudi juu. Msaragambo wa kuchimba shimo ni Jumanne, kitongoji cha juu na cha kati, njooni na sururu na majembe, tunaanza saa moja asubuhi kabla jua halijachoma. Mawe magumu yako upande wa kaskazini kwahiyo vijana wenye nguvu waje mapema.